SHALL AU WILL? Sarufi ya Nyimbo za Kutokata Tamaa

Miongoni mwetu sisi wanafunzi wa fasihi kuna kauli inayopita midomoni kama sala: kwamba kumfundisha mtu Kiingereza kwa wimbo ni kuushusha hadhi wimbo. Wimbo, tunaambiwa, ni kazi ya sanaa. Una fani na maudhui. Si kapu la misamiati. Upande wa pili wamesimama wenzetu wa isimu na ualimu, na wao wanasema wimbo ni hatari kwa mwanafunzi kwa sababu "unavunja sarufi". Katika makala haya nataka kubishana na pande zote mbili kwa mpigo. Dai langu ni kwamba katika nyimbo za kutokata tamaa, yaani zile ambazo msemaji ameangushwa na anasema atasimama, sarufi ndiyo maudhui. Anayeifundisha sarufi hiyo vizuri anafanya uhakiki, atake asitake. Anayeifundisha vibaya anauharibu wimbo, na Kiingereza chenyewe hakipati.

Suala hili si la mapambo. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, serikali ikaliweka kando pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliotumwa kuchunguza hali ya Kiingereza mashuleni, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu kiasi cha kusomea masomo mengine. Sitaki kurudia mjadala huo hapa, wakubwa wetu wameuandika vya kutosha. Ninachotaka tukumbuke ni kwamba katikati ya dhiki hiyo wapo wengi waliojipatia Kiingereza mahali ambapo hapakuwa na fimbo wala alama nyekundu: kwenye kaseti. Waliirudisha nyuma mara kumi ili kunasa neno moja, wakaandika maneno kwenye daftari la nyimbo, mengine kwa kubahatisha. Siku hizi maneno ya wimbo yapo kwenye simu, lakini kazi ya kuelewa imebaki palepale.

Sasa hebu tuangalie wimbo unavyofanywa unapoingia darasani. Zoezi ni lilelile kila mahali. Mwalimu anachapa maneno ya wimbo, anatoa vitenzi, anaacha mistari mitupu, na mwanafunzi anajaza nafasi wakati wimbo unapigwa. Kisha linafuata jedwali la msamiati: "overcome" ni kushinda, "survive" ni kunusurika, "redemption" ni wokovu. Mwishoni kuna swali moja la maudhui: wimbo unatufundisha nini? Jibu linalotakiwa linajulikana hata kabla wimbo haujapigwa. Tuwe wavumilivu. Mvumilivu hula mbivu. Vema, kipindi kimekwisha.

Lakini tuitazame methali hiyo kwa jicho la sarufi. "Hula." Kiambishi hu- hakina nafsi wala wakati. Ni nani anayekula? Yeyote. Lini? Daima, au pengine kamwe. Ndiyo maana methali hii inapendwa sana na wanaotaka wengine wavumilie: haimwahidi mtu yeyote chochote siku yoyote. Nyimbo ninazozizungumzia zina tabia tofauti kabisa. Zina mimi, zina sisi, zina wewe unayeambiwa, na zina wakati ujao ambao mtu fulani anajifunga nao. Kuzifupisha kuwa "tuwe wavumilivu" ni kuziondolea nafsi na njeo, na hivyo viwili ndivyo zilivyoundwa navyo.

Mfano wangu mkuu ni "We Shall Overcome", na nimeuchagua kwa sababu historia yake ni somo kamili la sarufi. Wengi huitaja tenzi ya kanisani ya mchungaji Charles Albert Tindley wa Philadelphia, iliyochapishwa mwaka 1901 kwa jina la "I'll Overcome Some Day", kuwa mmoja wa mizizi yake. Angalieni jina hilo. Nafsi ni mimi. Na kitenzi kisaidizi kimefupishwa: hujui kama ni "shall" au "will", ritifaa imekificha. Mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha sigara mjini Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waligoma, na mgomo ukaendelea hadi 1946. Kwenye mstari wa mgomo waliimba wimbo wa aina hiyo, sasa kwa nafsi ya wingi na kwa "will". Zilphia Horton wa chuo cha Highlander, Tennessee, aliupokea kutoka kwao, akamfundisha Pete Seeger, na huko ndiko "will" ilikogeuka kuwa "shall". Mwaka 1960 Guy Carawan aliwafundisha wimbo huo wanafunzi waliokutana Raleigh, North Carolina, kuunda chama chao cha kudai haki. Machi 15, 1965, Rais Johnson aliyatamka maneno ya jina hilo mbele ya Bunge la Marekani. Kutoka ritifaa hadi bungeni ni miaka 64.

Nani hasa aliweka "shall"? Seeger mwenyewe alisema huenda ni yeye, na huenda ni Septima Clark. Kwa upande wake, sababu ilikuwa ya sauti: irabu ya "shall" inafungua kinywa zaidi ya ile ya "will", na mtu anaiimba kwa raha. Hoja ya fani, na ni nzuri. Lakini mimi navutwa zaidi na uwezekano wa Clark. Huyu mama alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Charleston, aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika NAACP. Alikwenda Highlander, akawa mmoja wa waasisi wa shule za uraia zilizoanza mwaka 1957 katika kisiwa cha Johns Island. Humo watu wazima weusi walifundishwa kusoma na kuandika ili waweze kujiandikisha kupiga kura, kwa kuwa sheria iliwataka wapitie mtihani wa kusoma, na kilichosomwa chaweza kuwa kifungu cha katiba ya jimbo. Na katiba zimeandikwa kwa neno gani, jamani? "Shall." Kila kifungu. Siwezi kudai kwamba Clark alilichagua neno hilo kwa sababu hiyo. Ni dhana yangu tu. Ila mtu aliyetoka kujifunza "shall" kama neno la sheria iliyomzuia, kisha akaliimba kama neno lake, amejifunza msamiati kwa namna ambayo jedwali letu halitaifikia.

Twende kwenye kanuni. Kitabu cha zamani cha sarufi humwambia mwanafunzi kwamba nafsi ya kwanza huchukua "shall" na nyingine huchukua "will", basi. Mwalimu mmoja ambaye niliketi nyuma ya darasa lake alijibu hivyohivyo alipoulizwa na mtoto wa kidato cha pili kwa nini wimbo huu una "shall" na ule wa disko una "will", wakati wote ni wa nafsi ya kwanza. Swali zuri mno, likazimwa kwa "hiyo ya disko ni kosa". Si kosa. Kanuni yenyewe, kama John Wallis alivyoiandika mwaka 1653, ina nusu ya pili ambayo vitabu vyetu huiacha: katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutishia. Kwa hiyo "I Will Survive" ya Gloria Gaynor, ya mwaka 1978, iko sawasawa kwa kanuni ya karne ya 17. Msemaji hatabiri kwamba ataishi. Anaapa, na anayeapiwa amesimama mlangoni.

Hapo linazuka tatizo linalonifurahisha. Kama "shall" ya nafsi ya kwanza ni utabiri mtupu na "will" ni kiapo, basi waliogeuza "will" kuwa "shall" waliudhoofisha wimbo? Masikio ya kila aliyeusikia yanakataa. Nadhani jibu ni kwamba kuna hali ambamo utabiri una nguvu kuliko kiapo. Kiapo hutegemea nguvu za anayeapa. Akichoka, kiapo kimechoka naye. Utabiri wa "shall", hasa kwa watu waliolelewa na Biblia ya Kiingereza ya 1611, hautegemei misuli ya mtu. Utakuwa, kama jua litakavyochomoza. Mgomaji wa 1945 alihitaji kuapa mbele ya mwenye kiwanda. Mwanafunzi wa 1960 aliyeketi kwenye mkahawa wa wazungu huku akimwagiwa vitu kichwani, na amekatazwa na wenzake kurudisha kipigo, alihitaji kitu kisichotegemea ngumi zake. Atakayesema huku ni kusoma mengi mno ndani ya irabu moja ana haki yake. Lakini atueleze kwa nini basi "will" haikurudi.

Jambo hili limefika hata mahakamani. Watengeneza filamu na wengine waliotaka kuutumia wimbo bila kulipa walifungua kesi, na Septemba 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliamua kwamba ubeti wa kwanza haulindwi na hakimiliki, kwa kuwa tofauti zake na toleo la awali, pamoja na hiyo ya "will" na "shall", zilikuwa ndogo mno kuhesabiwa kuwa utunzi mpya. Januari 2018 pande zikapatana na wimbo ukawa mali ya umma. Kisheria nashangilia, wimbo ule ni wa watu. Kihakiki sikubaliani hata kidogo. Jaji alikuwa anapima mali. Anayepima maana ataona kwamba neno dogo kama kisaidizi ndilo linaloamua msemaji amesimama wapi.

Vivyo hivyo nafsi. Kugeuza "mimi" kuwa "sisi" huonekana maendeleo ya wazi: mtu mmoja amekuwa umati. Wahakiki wetu wa mrengo wa ujamaa wangepiga makofi. Lakini Bernice Johnson Reagon, aliyeimba na Freedom Singers katika harakati zenyewe na baadaye akawa mwanahistoria wa muziki huo, aliieleza tofauti. Katika jadi ya Wamarekani weusi, alisema, "I" ndiyo iliyokuwa nafsi ya kundi: kila mmoja akisema "mimi", unajua nani yupo. Ukisema "sisi", hujui nani atatokea siku ya siku. Hebu tuliwazie hilo. Kitabu cha sarufi kinasema "I" ni umoja na "we" ni wingi, mwanafunzi anajaza, anapata vema. Kumbe kuna jumuiya ambamo "I" ni wingi wenye dhamana na "we" ni wingi wenye mashaka. Sisi tuliokulia kwenye mikutano ambako kila kitu ni "tutafanya" na baadaye hakuna aliyefanya, tunamwelewa Reagon bila mkalimani.

Sasa tulete wimbo kwenye Kiswahili, maana mwanafunzi wetu anajifunza Kiingereza akitoka lugha fulani, hatoki hewani. "Tutashinda." Kiambishi -ta- kimezimeza "shall" na "will" zote mbili, kiapo na utabiri kwetu vinavaa shati moja. Tukitaka kuvitenganisha tunatumia neno la pembeni: "tutashinda tu", na hapo "tu" ndiyo inayobeba kiapo. Mwalimu angeanza na "tu" hiyo, ambayo kila mtoto anaijua, angefika kwenye "will" ya Gaynor kwa dakika tano. Halafu kuna kitenzi chenyewe. Kushinda ni kumzidi adui, na kushinda ni kupitisha mchana. Umeshindaje? Tumeshinda salama. Wale walioshinda njaa jana hawakuipiga njaa mieleka; walikaa nayo mpaka jioni. "Overcome" ya Kiingereza haina mlango huo: inapanda juu ya kitu na kukivuka. Je, tafsiri yetu imepungukiwa au imezidi? Mimi naona imezidi. Wale waliotembea kwa miguu mjini Montgomery, Alabama, kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956 wakisusia mabasi, walishinda kwa maana zote mbili, siku baada ya siku zaidi ya 380.

"Survive" ni kinyume chake. Hapa Kiswahili kinambana mwanafunzi. Tazameni vitenzi tunavyompa kwenye jedwali: kunusurika, kuokoka, kusalimika. Vyote vimebeba k ile ya kauli ya kutendeka. Mtu hakutenda, jambo limemtokea. Basi limepinduka, watatu wamenusurika. Ukiandika "nitanusurika" umekigeuza kiapo kuwa bahati nasibu. "Survive" ya Kiingereza ni kitenzi tendi, na chaweza hata kuchukua yambwa: mtu anaweza kumsurvaivu mtu mwingine, yaani kubaki hai yeye akiwa ameondoka. Maana hiyo imo ndani ya wimbo wa Gaynor kutoka mwanzo hadi mwisho. Gaynor aliurekodi akiwa amevaa mkanda wa kukaza mgongo, baada ya kuanguka jukwaani na kufanyiwa upasuaji, na kampuni ikauweka upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo mwingine iliouamini zaidi. Ningeombwa kulitafsiri jina lile, nisingeandika "Nitanusurika". Ningeandika vile angesema dada yeyote wa uswahilini aliyeachwa na sasa mwanamume amerudi kugonga mlango: "Sifi ng'o!" Hapo kuna ukanushi, hapana wakati ujao kabisa, na bado ndiyo tafsiri sahihi. Somo la sarufi linatoka hapo lenyewe: lugha moja huapa kwa kisaidizi, nyingine kwa ukanushi na kihisishi.

Nimeshasema wenzetu wa isimu wanaogopa kwamba nyimbo zinavunja sarufi. Ushahidi wao wa kwanza huwa ni Bob Marley, na jina linalotajwa ni "No Woman, No Cry", lililotoka mwaka 1974 katika albamu ya Natty Dread na kujulikana zaidi kwa toleo lililorekodiwa jukwaani London mwaka 1975. Jina hili limesomwa vibaya dunia nzima: pasipo mwanamke hapana kilio. Utalikuta kwenye fulana na nyuma ya daladala likiwa na maana hiyo, na vijana wakicheka. Lakini "no" ya pili ni ya Kijamaika, ile inayoandikwa pia "nuh", na kazi yake ni kukataza. Usilie. Msemaji anamtuliza mwanamke, hamkimbii. Haki za utunzi alipewa Vincent Ford, aliyekuwa na jiko la kulisha watu pale Trenchtown, Kingston, na ukilijua hilo huwezi tena kuusikia wimbo ule kama mzaha wa wanaume vijiweni.

Basi ni nani aliyevunja sarufi? Marley aliifuata sarufi ya kwao barabara. Aliyevunja ni msomaji aliyedhani Kiingereza ni kimoja. Mwalimu anayelipiga kalamu nyekundu jina lile na kuandika "Don't cry" juu yake amepatia maana na amepoteza somo, kwa sababu mwanafunzi anatoka akiamini kwamba Mjamaika amekosea, na kesho ataamini hivyohivyo kuhusu Kiingereza chake mwenyewe. Halafu mtihani mzuri wa tafsiri umo humohumo. Huwezi kusema "mwanamke, usilie". Kwetu hayo ni matusi nusu. Itabidi uchague: mama, dada, bibie, mpenzi. Kila chaguo linaunda uhusiano mwingine na linaandika wimbo mwingine. Mimi ningesema "dada". Rafiki yangu anang'ang'ania "mama", na tumebishana wiki nzima.

Kuhusu "Redemption Song" ya mwaka 1980 nitakuwa mfupi. Jedwali linasema "wokovu", na mwanafunzi anadhani ni wimbo wa kwaya. Neno hilo la Kiingereza ni la kununua tena kilichokuwa chako: kuitoa rehani, kumlipia mateka. Kiswahili kinalo neno lake kamili, nalo ni kukomboa. Saa iliyowekwa rehani hukombolewa, na bara lililotawaliwa hukombolewa. Katika wimbo wenye maneno aliyoyatoa Marcus Garvey kwenye hotuba ya mwaka 1937, ulioimbwa na mjukuu wa watu waliouzwa sokoni, "wokovu" unafuta soko na "ukombozi" unalirudisha. Jedwali lilihitaji neno moja tu, na lilichagua lile lisilo na historia.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba kipindi ni dakika arobaini, darasa lina watoto themanini, mwalimu mwenyewe hakusoma fasihi, na mtihani wa taifa hautauliza habari za Septima Clark. Yote kweli. Lakini zoezi la kujaza nafasi nalo linakula dakika arobaini zilezile. Badala ya kutoa vitenzi ishirini, mwalimu aandike ubaoni majina matatu tu, la 1901, la wagomaji na la Highlander, kisha aulize: nani anasema, anamwambia nani, na ana uhakika gani? Au achukue jina la wimbo wa Jimmy Cliff wa mwaka 1969, "Many Rivers to Cross", ambao hauna hata kitenzi kikuu kwenye jina lake, na awaulize mito hiyo imeshavukwa au bado. Watajibu bado. Wamejuaje, wakati hakuna "will" wala "shall"? Kwa "to", ambayo hapo ni ileile "ya ku-" yetu katika mito ya kuvuka, kazi ya kufanya, deni la kulipa. Hakuna mtoto wa kidato cha pili asiyejua kwamba deni la kulipa halijalipwa.